Yule Bwana wa Lubumbashi Hayupo

Panda, Ijumaa alasiri

Mwadi, mama yangu,

Usimtafute yule bwana wa Lubumbashi. Hayupo, na hajawahi kuwapo. Nilimtunga mimi baba yako, nikiwa nimesimama karakana na nyundo ya mti mkononi, siku ile uliporudi kutoka shule ukakuta ukutani umebaki msumari peke yake.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, na wewe unanijua. Jumapili mezani ulisema kitu cha kwanza utakachofanya ukifika chuo cha sanaa huko ni kuulizia nyumba ya huyo bwana, umwombe akuruhusu uione kazi yako, uipige picha uwaonyeshe walimu. Ulisema hivyo ukimega tonge la bukari, umefurahi, na mama yako akacheka. Mimi nikalirudisha tonge langu kwenye sahani. Tangu Jumapili nimejaribu kukuambia mara tatu. Mara ya kwanza nikaishia kukuuliza habari ya kufuli la sanduku. Mara ya pili nikakuuliza kama una kalamu za kutosha. Mara ya tatu ilikuwa leo asubuhi, ukasema, "Baba, kuko nini? Unaniangalia sana," nami nikajibu, "Apana, minye niko nawaza tu." Basi naandika. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, mama yako yuko sokoni na samaki wake, nina saa mbili au tatu. Mambo ya mashuka, sufuria na nani wa kumpigia simu ukifika, mama yako amekueleza mpaka umechoka. Mimi sina la kuongeza hapo.

Utaona naandika Kiswahili cha Biblia. Kile chetu cha mdomoni kikikaa kwenye karatasi naona kama kimevaa viatu vya mtu mwingine. Cheka tu.

Nataka kulieleza lile bamba lako la shaba lote, kwa sababu ni watu wawili tu waliowahi kuliona, wewe na mimi, na wewe ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulichukua kipande cha shaba nilichokuwa nimekiweka kando kwa ajili ya sahani kubwa ya ukutani. Ulikilainisha mwenyewe motoni kama nilivyokuonyesha, kikawa chekundu, ukakitumbukiza majini, kikatoka laini. Ukakilaza juu ya gunia la mchanga, ukapiga kwa nyuma, siku tano, kila ukirudi kutoka shule. Mimi nilidhani unatengeneza ua.

Kumbe ulikuwa mama yako. Amekaa kwenye kile kiti cha plastiki baada ya kurudi kutoka mtoni kuosha mawe ya wachimbaji, amesinzia, kichwa kimeangukia bega, kinywa wazi. Miguu uliiacha ipotelee chini. Uso ulikuwa mistari mitatu minne tu. Juu ya kichwa uliacha shaba tupu, nusu nzima ya bamba, bila mti, bila nyumba, bila jua. Na mikono, Mwadi. Mikono miwili imelala juu ya mapaja, mikubwa kama koleo. Uliisukuma kutoka nyuma mpaka shaba ikakaribia kupasuka. Wala hukuisugua ing'ae, kila pigo la nyundo lilibaki linaonekana, na ngozi ikawa ile ngozi ya mtu aliyeshinda ndani ya maji.

Ulilitundika sebuleni asubuhi kabla ya kwenda shule. Mama yako alikuwa amekwisha kuondoka. Ukaniambia nisimwambie kitu, ajionee mwenyewe akirudi.

Mimi nilifundishwa kazi nikiwa na miaka kumi na sita, na patron mmoja, mwenye karakana hapa hapa Panda, mtu mpole, sasa ni marehemu. Alikuwa na vielelezo vya katoni: tembo, swala, mwanamke mwenye mtungi, ramani ya nchi. Unalaza katoni juu ya bamba, unafuata ukingo wake kwa msumari butu, unageuza, unapiga. Wateja walikuwa maenjinia wa migodi na mapadri, na kila mmoja alitaka tembo kama wa jirani yake. Basi nikapiga tembo. Nimepiga tembo zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kumwona tembo hata mmoja. Nilikuwa najisifu mbele ya watu kwamba naweza kumpiga nikiwa nimefumba macho, na hakuna aliyeniambia kwamba hapo ndipo penye shida.

Kwa hiyo niliposimama mbele ya kazi yako nilifanya kile nilichokijua, nikatafuta makosa. Mikono haipatani na mwili. Nafasi ya juu imepotea bure, mimi ningeweka mitende miwili na kibanda. Haing'ai. Halafu kile kinywa. Mama wa kanisa, anayesimama mbele ya watu kuimba, aonyeshwe amelala kinywa wazi? Na siku ile ile saa kumi watu wa maombi walikuwa wanakuja kukaa sebuleni kwetu. Nikasema nitaliondoa kwa siku moja tu. Nikalipeleka karakana. Nilipofika karakana nikawasha moto.

Wewe unaijua shaba. Ikishapita motoni haina ubishi. Nililiweka juu ya kisiki, nikalinyoosha kwa nyundo ya mti kutoka pembeni kwenda katikati. Uso uliondoka kwanza. Mikono ilikataa, ikanibidi niichome mara ya pili. Kabla ya saa sita bamba lilikuwa limelala sawasawa, nami nikatoa katoni ya tembo. Ila tumbo la tembo lilipasuka mahali pale pale ilipokuwa mikono, kwa kuwa ulikuwa umepasukuma pakawa pembamba. Nikaziba ufa kwa nyuma kwa risasi iliyoyeyushwa, nikapaka dawa ya viatu mbele, na mteja aliyekuja wiki ile hakuona kitu. Vile viatu vya shule nilivyokununulia nikasema ni zawadi ya kazi yako, vilitoka kwenye tembo huyo.

Ukaingia na mkoba begani. "Baba, iko wapi?"

Ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi ya kusema, ungelia siku mbili, ungenichukia mwezi mmoja, tungemaliza. Lakini mdomo ukaenda wenyewe. "Bwana moja wa Lubumbashi alipita. Aliipenda. Aliibeba."

"Alisema nini?"

"Hakusema kintu. Alisimama tu, alisimama sana. Kisha akauliza, huyu mama ni nani?"

Ukakaa chini juu ya gunia la mchanga ukalia kwa furaha. Jioni mama yako aliporudi, nguo bado zimelowa, ulimkimbilia mlangoni ukamwambia, "Mama, ilikuwa ni weye." Akasema, "Minye? Kwa ukuta ya bwana?" Akacheka, akaificha mikono ndani ya kikwembe alichojifunga. Yote hayo nimeyaona kwa macho yangu.

Uongo ule ulikua ndani ya nyumba hii pamoja na wewe. Kila ulipouliza nilikuongezea kidogo. Nikampa bwana gari jeupe. Nikampa masharubu. Siku uliyofeli hesabu ukataka kuacha shule, nikakuambia amelitundika sebuleni, linatazamana na mlango, kila mgeni anaanza kwa kuliona. Ukaosha uso ukarudi kwenye daftari. Nikajidanganya kwamba basi, umekuwa uongo mwema.

Nani alinifungua macho? Wewe mwenyewe, bila kujua. Unakumbuka tulipokwenda ziwa Tshangalele mimi na wewe, mwaka ule mama yako alipoacha mto kwa sababu ya mgongo akaanza kuuza samaki? Tulikaa ufukweni tukingoja mitumbwi. Nikaanza kukueleza jinsi ambavyo ningelipiga ziwa lile kwenye shaba: mawimbi hapa, mvuvi hapa, jua pale, na ndege watatu, kwa sababu ndege huwa watatu. Ukaokota kijiti ukachora fremu kwenye tope, na ndani yake mstari mmoja, karibu kabisa na juu. "Njo hii, Baba." Nikaona mstari, basi. Nikakuhurumia kimoyomoyo. Tulipokuwa tumefika mbali ndani ya lori la kurudi ndipo nilipogeuka nikaona maji yameshuka, yamekuwa ukanda mwembamba chini ya mbingu. Nikashtuka. Kule chini tulikuwa tumekaa karibu na maji, yamejaa mbele yetu mpaka juu. Ulikuwa umechora ziwa pamoja na mahali tulipokaa. Mimi mvuvi wangu na ndege wangu hawakutazamwa kutoka mahali popote.

Siku nyingine nilimsindikiza mama yako kununua kikwembe. Alisimama na vipande viwili, kimoja cha kijani na kimoja cha kijani, mimi sikuona tofauti, nikamtania kwamba watafunga soko. Akanivuta nje kwenye jua. "Angalia. Hii inalala. Hii inaamuka." Ilikuwa kweli. Rangi ya njano iliyokuwa pembeni mwa kile cha pili ndiyo iliyokuwa inaiamsha ile kijani. Mama yako hajui neno sanaa kwa maana wanayoitumia huko unakokwenda, na amekuwa akiiona miaka yote, huku mimi ninayeitwa fundi nashindana na katoni.

Barua ya kukubaliwa kwako ilipofika, nilianza kulitengeneza upya lile bamba kwa siri. Nilitaka ulikute mezani, halafu nikuambie. Nimeharibu shaba mara tano. Ya kwanza nilipima mikono kwa uzi, ikatoka sawa na mwili, na ikawa picha ya mtu aliyelala, kwisha. Ya pili nikaikuza mikono, ikawa kichekesho. Nikaacha kupiga, nikaanza kumwangalia mama yako. Namna anavyochukua sahani kutoka kwako. Namna anavyoweka mikono juu ya mapaja akikaa, anaiweka kama mzigo unaotuliwa. Hapo nikaelewa kwamba hukukosea kipimo. Uliipa mikono ukubwa wa kazi iliyofanya. Na ile shaba tupu ya juu ilikuwa kimya cha nyumba yetu jioni, mmoja amechoka kupita kiasi na wengine tunatembea kwa vidole tusimwamshe. Mitende yangu ingemwamsha. Na uso uliuacha chini kidogo, mikono ukaiinua, ili mwanga wa dirisha uiguse mikono kwanza. Nilidhani ilikuwa bahati. Mtoto wa miaka kumi na minne alijua mwanga unaanguka wapi, na baba yake, fundi wa shaba, alikuwa anajua tu kusugua.

Sikuweza kulirudisha. Hilo nikuambie wazi ili usije ukangoja.

Sasa jambo lililo gumu kuliko moto. Nimekuambia watu wa maombi walikuwa wanakuja, nimekuambia kinywa wazi. Ni kweli, na ni kisingizio. Asubuhi ile ulipoondoka nilisimama mbele ya bamba mpaka chai yangu ikapoa. Nilisimama sana. Nikajiuliza huyu mama ni nani, kwa sababu nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja miaka mingi na sikuwahi kumwona hivyo. Yeye alikuwa majini kutwa nzima, mimi kivulini napiga tembo ambao maenjinia waliokuwa wakiwataka walikwisha kuondoka. Bamba lile halikunitukana, lilinionyesha tu, na sikuvumilia. Niliona pia kwamba binti yangu amenipita, kwenye kazi yangu mwenyewe, kwa kipande alichochukua kwangu. Niliona wivu, Mwadi. Nina aibu kuliandika neno hili lakini sina jingine. Huwezi kuwasha moto ule kwa sababu ya kazi mbaya. Kazi mbaya unaiacha ukutani, inakusaidia kuziba ufa.

Kwa hiyo yale niliyokuambia kuhusu bwana yule, kwamba alisimama, kwamba hakusema kitu, kwamba aliuliza huyu mama ni nani, yalikuwa kweli yote isipokuwa bwana. Nakuambia hivi kwa sababu najua utakaa kitandani ujiulize kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuguswa na kazi yako, au kama unakwenda huko kwa nguvu ya masharubu niliyoyatunga. Yupo aliyeguswa. Aliguswa akafanya ubaya.

Najua kwenye karatasi zako za kuomba nafasi uliandika kwamba kazi yako moja iko katika nyumba ya mtu huko Lubumbashi. Hilo ni langu, si lako. Mwambie mwalimu mapema, na akitaka mpe barua hii aisome. Ni afadhali anicheke mimi kuliko akushike wewe.

Watakuonyesha vitu huko ambavyo utaona ni vibaya, au ni vya ovyo, au ni vya kipepo kama watu wa kanisani wanavyopenda kusema. Mimi sina haki ya kukushauri juu ya hilo, lakini ninajua kitu kimoja kuhusu haraka. Nilichukua asubuhi moja kunyoosha kitu ambacho sijakimaliza kukiangalia hadi leo. Kama ningejiuliza tu jicho langu limeanzia wapi na limepelekwa wapi. Kama ningejiuliza kwa nini ameacha pale patupu, badala ya kusema amesahau. Ni maswali ya kawaida, mama yako anayauliza kikwembe. Na kitu kikikukasirisha kabla hujakielewa, kiache ukutani siku mbili. Mimi hasira yangu ilijua mapema kuliko mimi.

Wala usiwadharau tembo wangu. Kuna mama mmoja hapa Panda ambaye ana tembo wangu juu ya mlango, na kila Krismasi anamsugua kwa majivu na limau. Mume wake alimnunua wakati walipopata nyumba. Kwake yeye tembo yule ni ile siku. Mtu anaweza kukihitaji kitu kwa kumbukumbu tu, au kwa kupendezesha ukuta, na hakuna ubaya. Ubaya wangu ulikuwa kudhani shaba haina kazi nyingine.

Imebaki jambo moja, na ndilo limenifanya nikae chini kuandika. Leo saa sita nilimfuata mama yako sokoni. Sikutaka wewe ujue ukweli halafu yeye abaki peke yake na bwana wa Lubumbashi. Nilimweleza pale pale nyuma ya meza ya samaki, yeye akifukuza nzi kwa katoni. Nilimwambia yote, mikono, kinywa, nafasi ya juu, moto. Nilipomaliza nikasema, "Nilimukosea mutoto."

Akaacha kufukuza nzi. "Mutoto?" akasema. "Ile kintu ilikuwa yangu. Haikuwa ya mutoto, haikuwa yako. Miaka yote hii minye nilijua kuko fasi moja bantu banakaa, banaangalia minye."

Akaja mteja, akamfungia samaki, akamrudishia chenji, akamtakia mchana mwema. Hakunigeukia tena. Nikarudi nyumbani kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Miaka sita nimebeba deni la mtu mmoja, kumbe walikuwa wawili. Nilifikiri kazi kama ile ina aliyeitengeneza na anayeinunua. Yule anayeonekana ndani yake sikumhesabu. Mama yako alikuwa anakwenda mtoni, na baadaye sokoni, akijua kwamba mahali fulani uchovu wake umetundikwa ukutani na watu wanausimamia kwa heshima. Nilimpa hilo kwa uongo, na leo nimemnyang'anya kwa ukweli. Sijui lipi lilikuwa baya zaidi. Mwulize yeye, mimi hanijibu.

Nitaiweka barua hii juu ya daftari lako la kuchorea, uikute leo kabla ya kufunga sanduku. Sitaki uisome ndani ya basi, ambako huwezi kunijia. Ukitaka kunipigia kelele, niko karakana. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Naomba unisamehe, wala usiharakishe. Ila usiache kwenda. Ukiniadhibu kwa kubaki, utakuwa umenyooshwa mara ya pili, na safari hii sitakuwa mimi niliyeshika nyundo.

Nimeazima pusipusi la jirani, lile toroli lake, kwa ajili ya sanduku. Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni. Mkinikubalia wewe na mama yako, nitalisukuma mpaka kwenye basi. Msiponikubalia, lisukumeni nyinyi, na mimi nitatembea nyuma.

Baba yako